Ganda la pai la biskuti: Marie, Digestive, tangawizi au chokoleti?

Mapishi mengi ya pai za baridi huanza kwa sentensi fupi: ponda biskuti, changanya na siagi, shindilia kwenye chombo. Biskuti gani, hawasemi. Au wanataja jina ambalo duka la mtaani kwako halijawahi kuliona. Ndipo mtu anasimama mbele ya rafu, mkono mmoja Marie, mwingine Digestive, akijiuliza kama kuna tofauti yoyote zaidi ya bei. Tofauti ipo, na kwenye ladha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Iko zaidi kwenye mafuta yaliyomo ndani ya biskuti yenyewe kabla hujaongeza siagi hata tone, na kwenye joto la mahali ambapo pai itakaa hadi iliwe.

Nimelinganisha hapa aina nne zinazopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki: Marie, Digestive, biskuti za tangawizi, na zile nyeusi za chokoleti zenye krimu katikati, mfano Oreo. Mwishoni nimeongeza mbili kwa ajili ya walio Marekani na Ghuba, maana huko madukani mambo ni tofauti.

Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ni ladha, na hasa kama ladha hiyo inasaidia kijazio au inagombana nacho. Biskuti tamu sana chini ya karameli tamu sana humshinda mlaji kabla hajamaliza kipande.

Cha pili ni mafuta. Ganda hili halina gluteni iliyokandwa kama ilivyo kwenye chapati, kwa hiyo hakuna kinachoshikanisha chenga isipokuwa siagi iliyoganda kwa baridi, au sukari iliyoyeyuka ndani ya oveni kisha ikakauka. Biskuti yenye mafuta mengi inataka siagi kidogo; kavu inataka zaidi. Ukitumia kipimo kimoja kwa biskuti zote, moja itabomoka kila ukigusa kisu na nyingine itaacha mafuta kwenye sahani.

Cha tatu ni namna linavyokatika na linavyostahimili unyevu. Kipande kinatoka kizima? Kesho yake bado kina mkatiko, au kimeshalowana?

Cha nne ni usumbufu na gharama: upatikanaji, bei ikilinganishwa na nyingine, na nguvu ya mkono inayohitajika kuponda.

Baada ya hayo ndipo tunaweza kusema kila moja inamfaa nani.

Msingi mmoja kwa zote

Ili ulinganisho uwe wa haki, vipimo vyote hapa chini ni vya chenga gramu 200, zinazotosha chombo cha pai chenye kipenyo cha sentimita 23, chini na pembeni. Ukitaka kitako tu, bila kuta, gramu 150 zinatosha.

Chenga ziwe na ukubwa wa mchanga wa pwani uliolowa kidogo, na vipande vichache vikubwa humo ndani si kosa. Ukisaga hadi iwe unga laini kabisa, ganda likipoa linakuwa gumu na kisu kinateleza juu yake. Mapishi ya nje husema utie biskuti kwenye mfuko wa plastiki ukaziponde humo. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na kwa kazi hii wala haihitajiki. Zifunge ndani ya kitambaa safi cha jikoni, upite juu yake na mti wa kusukumia chapati. Kinu na mchi navyo vinafaa, isipokuwa kwa biskuti moja nitakayoitaja.

Yeyusha siagi, changanya, kisha fanya jaribio la kiganja: chota kiasi, fumba mkono, fumbua. Donge likishikana na kuvunjika ukiligusa kwa kidole, kipimo kimekaa sawa. Likimwagika lenyewe, ongeza siagi kijiko cha chai kimoja kimoja. Mkono ukibaki unang'aa mafuta, ongeza chenga. Jaribio hili linashinda kipimo chochote kilichoandikwa, pamoja na hivi vya kwangu, kwa sababu viwanda havifanani.

Shindilia kwa kitako cha glasi. Anza pembeni, malizia katikati, na usikandamize kwa nguvu zako zote. Ganda lililobanwa mno ni gumu kukata kama lile la unga laini. Ukioka, nyuzi 175 za selsiasi kwa dakika 8 hadi 10 zinatosha. Usipooka, weka sehemu ya kugandishia nusu saa, au kwenye friji saa mbili.

Marie

Biskuti hii ilitengenezwa London na Peek Freans mwaka 1874, kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi, Maria Alexandrovna, na mtoto wa Malkia Victoria. Leo iko kila duka, na wengi wetu tumeizoea pembeni ya kikombe cha chai kuliko ndani ya pai.

*Ladha.* Ya upole, ya maziwa na vanila kwa mbali. Haijitangazi. Hilo ni sifa ukiwa na kijazio chenye harufu nzuri ambayo hutaki kuizima: kastadi ya iliki, krimu ya pasheni, embe bivu. Ni udhaifu ukiwa na kijazio kinyonge, kwa sababu pai nzima itakuwa haina cha kukumbukwa. Kijiko cha chai cha mdalasini au iliki ya kusaga ndani ya chenga hubadilisha mambo, na chumvi kidogo pia, ikiwa siagi yako haina chumvi.

*Mafuta na siagi.* Hapa ndipo watu wengi hukwama. Marie ina mafuta kiasi cha asilimia 10 hadi 12 tu, takriban nusu ya Digestive. Geuza pakiti usome ubavuni. Chenga gramu 200 za Marie zina mafuta kama gramu 22, na za Digestive kama gramu 42. Pengo la gramu 20 lazima ulizibe mwenyewe, na kwa kuwa siagi ni mafuta kwa takriban asilimia 80, unahitaji kama gramu 25 zaidi. Kwa hiyo ikiwa Digestive inataka siagi gramu 80, Marie inataka 105. Anayefuata kipimo cha Digestive kwa Marie ndiye anayelalamika kwamba ganda lilibomoka.

*Ukataji na unyevu.* Ikipata siagi yake ya kutosha inakata vizuri, kingo safi. Shida ni unyevu, maana Marie hunywa maji upesi, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuichovya kwenye chai analijua. Ganda lisilookwa, likijazwa kastadi, hulainika kufikia kesho yake. Wareno wameitumia tabia hiyo kwa faida: wana keki ya Marie zilizochovywa kahawa na kupangwa tabaka kwa tabaka na krimu ya siagi, na ulaini ndio unaotafutwa. Ukitaka ganda libaki na mkatiko, lioke, kisha lipake ute wa yai lililopigwa kidogo likiwa bado la moto na ulirudishe ovenini dakika 2. Ute hukauka na kuziba vinyweleo.

*Gharama na usumbufu.* Kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kati ya hizi nne, lakini kumbuka kuhesabu siagi ya ziada kabla hujasema umeokoa pesa. Kuponda ni rahisi mno, hata mtoto anaweza, ila inasagika kuwa unga haraka, kwa hiyo usiiachie blenda ikakimbia.

*Inamfaa* anayetengeneza pai ya matunda au kastadi nyumbani, italiwa siku hiyohiyo, na duka la karibu ni kibanda na si supamaketi.

Digestive

McVitie's walianza kuiuza mwaka 1892, na ndiyo biskuti ambayo mapishi ya Uingereza yanaifikiria yanaposema biskuti bila kufafanua.

*Ladha.* Ngano isiyokobolewa kabisa, chumvi kidogo, utamu wa wastani. Chumvi hiyo ndiyo siri yake: hupunguza makali ya vijazio vitamu. Ndiyo maana imeshikamana na Banoffee, pai ya ndizi, karameli na krimu. Pai hiyo ilibuniwa kwenye mgahawa wa The Hungry Monk, kijiji cha Jevington kusini mwa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na awali ganda lake lilikuwa la unga uliokandwa. Digestive zilikuja baadaye, kwa sababu ni rahisi, na sasa wengi hawaijui kwa namna nyingine.

*Mafuta na siagi.* Kama asilimia 21 ni mafuta. Siagi gramu 80 hadi 85 zinatosha kwa gramu 200. Sukari ya kuongeza si lazima. Kijiko cha chakula kimoja kama unaoka, sifuri kama huoki, kwa sababu sukari isiyoyeyuka hukwaruza menoni na haisaidii kushikanisha chochote.

*Ukataji na unyevu.* Kwenye kigezo hiki iko mbele kwa ganda lisilookwa. Chenga zake ni za ukubwa tofauti kwa asili, hivyo zinabanana vizuri bila kuwa ngumu. Mafuta yake ya ndani pia hupunguza kasi ya kunyonya maji, ingawa haizuii kabisa. Chini ya keki ya jibini ya baridi hudumu siku mbili bila aibu.

*Gharama na usumbufu.* Bei hutofautiana sana kati ya zinazotengenezwa hapa na zinazoagizwa, na kwa ganda la pai zilizotengenezwa hapa zinafanya kazi ileile. Pesa ya ziada ya jina, weka kwenye siagi. Epuka zilizopakwa chokoleti upande mmoja, maana chokoleti inayeyuka na siagi na kuharibu hesabu yako ya mafuta. Vijijini si rahisi kuzipata.

*Inamfaa* mtu ambaye hana oveni, anayeuza keki za jibini kwa kipande, au anayefanya ganda la biskuti kwa mara ya kwanza. Husamehe makosa ya kipimo.

Biskuti za tangawizi

*Ladha.* Hii haikai nyuma. Tangawizi na sukari iliyokolea vinatangulia mdomoni kabla ya kijazio. Kwa hiyo ichague kwa makusudi: na ndimu, na embe, na malenge, na nazi. Kwa mtu wa pwani, malenge ya tui juu ya ganda la tangawizi ni kitu kinachoeleweka bila maelezo. Usiiweke chini ya vanila tupu au stroberi, utakula tangawizi peke yake.

Niseme jambo kuhusu ndimu, kwa kuwa watu wengi hufikiri pai ya ndimu ya Florida ni kitu cha mbali. Ile ndimu ndogo ya visiwa vya Keys, ambayo pai yake ilifanywa rasmi pai ya jimbo la Florida mwaka 2006, ndiyo aina ileile ya ndimu ndogo kali tunayokamua juu ya samaki na mishikaki. Kijazio chake ni maziwa mazito ya kopo yenye sukari, viini vya mayai na juisi ya ndimu. Asidi ya ndimu huyafanya maziwa yajikaze hata kabla ya kuoka. Kopo moja la gramu 397, viini vinne, juisi mililita 120, nyuzi 175 kwa dakika 15. Asili yake huenda na ganda la biskuti za Graham, za Kimarekani, ambazo nitazieleza hapo chini. Juu ya tangawizi ni pai nyingine kabisa, na mimi naipenda zaidi hii, ingawa mtu wa Florida anaweza kunigombeza.

*Mafuta na siagi.* Iko katikati, mafuta zaidi ya Marie na pungufu ya Digestive. Siagi gramu 85 hadi 90. Sukari usiongeze kabisa.

*Ukataji na unyevu.* Ndiyo ngumu kuliko zote ikiwa pakitini, na ugumu huo huifaa pai yenye kijazio cha majimaji kwa sababu hulowana polepole. Lakini oveni inahitaji uangalifu. Sukari yake nyingi huyeyuka, ganda huteleza kutoka ukutani na kujikusanya chini. Likipoa linakuwa gumu kama pipi. Oka dakika 7 au 8 tu, kisha likiwa bado la moto lisukume lirudi pembeni kwa kitako cha glasi. Lisipookwa halina tabia hiyo.

*Gharama na usumbufu.* Bei ya kati. Kuponda ni kazi ya kinu. Mti wa chapati utakuchosha mabega.

*Inamfaa* anayejua tayari kijazio chake ni kipi na anataka ganda liwe sehemu ya mazungumzo. Haiwafai watoto wengi wadogo, na mwenye wageni asiowajua vyema afikiri mara mbili.

Biskuti za chokoleti zenye krimu

Oreo ni ya New York, mwaka 1912, lakini kwa kazi hii biskuti yoyote nyeusi ya kakao yenye krimu nyeupe inafanya kazi.

*Ladha.* Kakao yenye uchungu mdogo na krimu tamu. Inapendwa na watoto na vijana kuliko zote, na kwenye picha hakuna inayoifikia: krimu nyeupe juu ya ganda jeusi. Inakwenda na chokoleti, kahawa, karanga, ndizi, aiskrimu. Na ndimu haipatani. Embe nalo linapotea.

*Mafuta na siagi.* Watu huuliza kama waitoe krimu. Usiitoe. Krimu hiyo ni mafuta na sukari, ndiyo gundi yenyewe, na ukiitupa itabidi uirudishe kwa siagi. Ponda biskuti nzima nzima; siagi gramu 55 hadi 60 zinatosha kwa gramu 200. Ni kipimo kidogo kuliko vyote vinne, na anayetumia 100 kama alivyozoea ataona dimbwi la mafuta chini ya chombo.

*Ukataji na unyevu.* Inakata safi ikiwa ya baridi, na kwa sababu siagi yake ni chache haigeuki jiwe ikigandishwa. Kwa pai ya aiskrimu sioni mshindani. Kwenye joto ndipo inaposhindwa: krimu hulainika haraka, na kipande kilichokaa mezani mchana wa Dar es Salaam kitaanza kulegea kabla ya vingine. Ukioka, tumia saa, si macho, kwa sababu ni nyeusi tangu mwanzo na huwezi kuona inapoanza kuungua. Harufu ya uchungu ikikufikia umeshachelewa.

*Gharama na usumbufu.* Jina lenyewe kwa kawaida ndilo ghali kuliko zote nne. Zinazofanana nalo ni nafuu. Hii ndiyo biskuti isiyopenda kinu: krimu inaganda kwenye mchi na kufanya madonge. Blenda, au kitambaa na mti wa chapati.

*Inamfaa* anayefanya birthdei, anayeuza vikombe vya dizeti kwa vijana, na mwenye sehemu ya kugandishia inayofanya kazi saa zote.

Kwa walio mbali: Graham na Lotus

Mapishi ya Marekani yanaposema Graham, wanamaanisha biskuti nyembamba za asali na ngano nzima, jina likitokana na mhubiri Sylvester Graham wa karne ya 19. Ukiwa huko, zitumie, ni nafuu na ziko kila mahali. Ukiwa hapa na mapishi yao, utasoma ushauri kwamba Digestive ni mbadala. Kwa ladha, kweli. Kwa mafuta, hapana: Graham zina kama asilimia 11, sawa na Marie. Kwa hiyo mapishi yakisema chenga gramu 150 na siagi gramu 85, na wewe unatumia Digestive, shusha siagi hadi gramu 65 au hivi. Ukitumia Marie, acha ilivyo na ongeza kijiko cha asali.

Walio Muscat au Dubai wanaijua Lotus, biskuti ya Kibelgiji ya karameli na mdalasini, iliyojaa kwenye keki za jibini za huko. Ichukulie kama tangawizi kwa utamu na oveni, na kama Digestive kwa siagi.

Siagi au kingine?

Siagi huanza kulegea mapema na kuyeyuka kabisa karibu na nyuzi 32 hadi 35. Kwa hiyo ganda lisilookwa, popote penye joto la pwani, linasimama kwa hisani ya friji. Mafuta ya nazi watu huyashauri kwa wasiotumia maziwa. Yana harufu nzuri na yakiwa frijini huganda kuwa magumu kuliko siagi, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Arusha wakati wa baridi, sawa. Mombasa mwezi wa pili, pai itabomoka ikiwa njiani kutoka jikoni hadi sebuleni.

Majarini laini ya kupaka mkate huwa na maji zaidi na mafuta pungufu, na maji hayo yanaingia moja kwa moja kwenye chenga. Ikiwa ndiyo uliyonayo, oka, usitegemee friji peke yake. Samli haina maji, hivyo hutoa ganda kavu lenye mkatiko mzuri. Tumia gramu 80 mahali pa siagi gramu 100. Ina harufu yake, na inapendeza zaidi na Marie yenye iliki kuliko na chokoleti.

Asiye na oveni lakini ana jiko la mkaa anaweza kuoka ganda tupu ndani ya sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina. Digestive na Marie zinavumilia hilo. Tangawizi na chokoleti, kwa sukari yake, huungua upande mmoja.

Korosho za kukaanga, zikipondwa gramu 50 na kuchukua nafasi ya gramu 50 za chenga, huinua ganda lolote kati ya haya isipokuwa la tangawizi. Hizo nazo zina mafuta yake. Punguza siagi kidogo.

Kulingana na hali yako

Huna oveni na umeme unakatika mara kwa mara: Digestive, kitako bila kuta, siagi halisi, na utengeneze asubuhi ya siku ya kula. Kuta ndizo huanguka kwanza joto likipanda.

Una oveni na bajeti finyu: Marie iliyookwa na kupakwa ute wa yai. Ikitunzwa kwenye chombo kinachofunga, ganda tupu unaweza kulioka siku moja kabla. Usiliache wazi, hewa ya pwani italilainisha usiku huo.

Unauza kwa vikombe, si kwa vipande: chagua kwa ladha na bei tu, kwa sababu ndani ya kikombe hakuna anayekata. Punguza siagi kwa theluthi moja na usishindilie. Wateja wanapenda kuchota kwa kijiko. Hapo hata biskuti za glukosi zinafaa, ambazo kwa ganda la kukata nisingezipendekeza kwa utamu wake.

Kijazio ni kikali, ndimu au pasheni: tangawizi kwa wanaopenda viungo, Digestive kwa wengine. Kijazio ni kitamu sana, karameli au maziwa ya kopo bila ndimu: Digestive, na usiongeze sukari. Kijazio kina harufu ya kulindwa, embe au iliki: Marie. Aiskrimu au chokoleti: ile nyeusi.

Pai inasafiri, tuseme kutoka Kariakoo hadi sherehe Mbagala kwenye foleni ya jioni: oka, aina yoyote, kisha paka ndani safu nyembamba ya chokoleti iliyoyeyushwa kabla ya kujaza, na ibebe ikiwa imegandishwa ndani ya chombo chake. Ikifika itakuwa imelegea kiasi cha kukatika.

Na ukiwa tayari na pakiti nyumbani, yoyote kati ya hizi, usitoke kwenda kununua nyingine. Soma ubavuni ina mafuta kiasi gani kwa kila gramu 100: ikiwa 20 au zaidi, anza na siagi gramu 80, ikiwa 15 hivi, anza na 90, ikiwa 11, anza na 105, ikiwa ina krimu katikati, anza na 55. Kisha fumba kiganja uone.